Macho ya sitahani: ubaharia wa Joseph Conrad na riwaya zake za ukoloni

Wazungu wengi walioandika habari za makoloni katika karne ya 19 walikwenda huko kwa shughuli za nchi kavu. Huyu alikuwa mmisionari, yule mkuu wa wilaya, mwingine mlowezi mwenye shamba au mwandishi wa gazeti. Joseph Conrad alikwenda kama mtu wa chombo. Alishusha shehena, akapakia nyingine, akangoja maji yajae, akang'oa nanga. Mahali pengi anapopasimulia katika riwaya zake alikaa siku chache, pengine saa chache tu, bila kwenda mbali na gati. Na bado, zaidi ya miaka 100 baadaye, vitabu vyake ndivyo vinavyosomeshwa na kugombewa kila ukoloni unapojadiliwa katika fasihi ya Kiingereza, kuliko vya wengi waliokaa huko nusu ya maisha yao.

Hapo ndipo penye fundo. Wapo wanaosema Conrad aliuvua ukoloni nguo mapema kuliko wenzake. Wapo wanaosema aliwavua Waafrika ubinadamu wao. Kila upande una ushahidi, tena mara nyingine kutoka ukurasa uleule. Kwa maoni yangu ugomvi huu unafumbuka vizuri zaidi tukiuliza jambo jepesi: mwandishi huyu alikuwa amesimama wapi alipokuwa akitazama? Alikuwa sitahani. Kazi ya meli ilimfundisha kuuona ukoloni kama usafirishaji wa mali, wenye hesabu, mishahara, makaa na mikataba. Kazi hiyohiyo ikamzoesha kuwatazama watu wa pwani na wa kingo za mito kama wapita njia, kumbe mpita njia alikuwa yeye.

Tuanze na asili yake, maana hakuzaliwa karibu na bahari. Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 mjini Berdychiv, ambao leo uko Ukraine, akapewa jina la Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Wazazi wake walikuwa Wapolandi, na Poland wakati ule haikuwepo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeshaigawana. Baba yake Apollo, mshairi na mfasiri, alikamatwa na serikali ya Kirusi mwaka 1861 kwa ajili ya siasa zake, na mwaka uliofuata familia ikapelekwa uhamishoni Vologda, kwenye baridi ya kaskazini. Mama alifariki 1865, baba 1869. Mtoto akabaki yatima wa miaka 11 mikononi mwa mjomba wake, Tadeusz Bobrowski. Kutawaliwa na wageni, basi, hakukuwa habari ya kusikia kwa mtu huyu.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 16, alikwenda Marseille kuwa baharia. Mwaka 1878 akahamia meli za Waingereza akiwa hajui Kiingereza isipokuwa maneno ya kuokoteza. Alifanya mtihani wa ofisa wa pili 1880, wa ofisa wa kwanza 1884, wa unahodha 1886, na mwaka huo huo wa 1886 akawa raia wa Uingereza. Kiingereza, lugha yake ya tatu baada ya Kipolandi na Kifaransa, alikichota kwa mabaharia na kwenye vitabu alivyosoma zamu zikiisha. Aliacha bahari mwaka 1894, baada ya karibu miaka 20.

Stima ya Mwarabu wa Singapore

Watu hukimbilia Kongo wanapomtaja Conrad, lakini shule yake ya ukoloni ilikuwa kwanza visiwa vya mashariki ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1887 aliumia mgongo akiwa ofisa wa kwanza wa merikebu ya Highland Forest, akalazwa hospitali Singapore. Alipopona hakurudi kwenye matanga. Alichukua kazi kwenye stima ndogo iitwayo Vidar, chini ya nahodha James Craig, akaifanya kuanzia Agosti 1887 hadi Januari 1888.

Mwenye stima alikuwa Syed Mohsin bin Salleh Al Joofree, Mwarabu mfanyabiashara wa Singapore, wa ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Msomaji wa Lamu, Zanzibar au Ngazija hana haja ya kuelezwa sana hapo. Masharifu wa Hadhramaut walitapakaa bahari nzima, huku kwetu na kule. Mtu anayehesabiwa kuwa mwandishi wa ukoloni wa Kizungu alikuwa, katika miezi iliyomzalia vitabu vyake vya mwanzo, mwajiriwa wa Mwislamu wa Kiarabu. Na Vidar haikufanya safari za bandari kubwa kwa bandari kubwa. Ilizunguka Borneo na Sulawesi, ikiingia mito, ikiwapelekea wafanyabiashara wa bara vyakula, vitambaa na vyombo, ikitoka na mpira wa msituni na henzirani.

Ufundi wa mambo una uzito hapa. Merikebu ya matanga hutegemea upepo na kina kirefu. Haipandi mto wenye kona na mafungu ya mchanga. Stima ndogo inapanda. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na katika miongo miwili iliyofuata moshi ulifika mahali ambapo matanga yalikuwa hayafiki. Ukoloni wa mwisho wa karne ya 19 uliingia bara kwa mlango huo: mito. Conrad, aliyeyapenda matanga mpaka kufa kwake na kuyaona mashine kama uhuni, alikuwa ndani ya chombo chenyewe kilichokuwa kikibadilisha mambo.

Katika mto Berau, upande wa mashariki wa Borneo, stima ilikuwa ikimhudumia mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi chotara aliyeitwa Charles Olmeijer. Katika kumbukumbu zake, A Personal Record, Conrad anaeleza alivyomwona mara ya kwanza kutoka darajani pa stima: mtu amevaa suruali ya kulalia yenye maua makubwa ya njano juu ya buluu isiyopendeza, na fulana nyembamba ya mikono mifupi, anatembea asubuhi kwenye gati lake la porini. Alikuwa ameagiza farasi mdogo kutoka Bali. Mahali penyewe hapakuwa na barabara ya kumpanda. Farasi akateremshwa kwa kamba, akafunguliwa, akamwangusha mwenyewe chini, akatimkia msituni. Conrad anasema asingemfahamu mtu yule, pengine usingechapishwa hata mstari mmoja wa maandishi yake. Riwaya ya kwanza, Almayer's Folly, ilitoka 1895.

Yule Olmeijer wa kweli hakuwa mfukara wa kusikitisha kama Almayer wa kitabuni; alikuwa na biashara na watoto wengi. Conrad alimwona kwa mizunguko michache ya stima, na kilichobaki akakijaza mwenyewe. Lakini tazama alichokijaza. Katika riwaya hiyo na inayoifuata, An Outcast of the Islands ya 1896, mzozo wote umejengwa juu ya jambo ambalo mtu wa bara asingeliwazia: nani anaijua njia ya maji ya kuingilia mtoni. Nahodha Lingard ameshika biashara ya mahali pale kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeijua njia hiyo. Siku Mzungu aliyefilisika kimaadili anapompitisha tajiri wa Kiarabu, Syed Abdulla, na chombo chake katika mlango uleule, utawala wa Lingard umekwisha. Hakuna vita, hakuna bendera iliyoshushwa. Rubani kabadilisha tajiri, basi. Sijui maelezo mafupi zaidi ya jinsi ukiritimba wa kikoloni unavyosimama na kuanguka.

Na si hadithi ya weupe dhidi ya weusi tu. Wamo Waholanzi na bunduki zao, Waarabu, Wabugi, Wamalay, Wachina, Waingereza, kila mmoja anamvizia mwenzake. Ofisa wa serikali angeona wenyeji na watawala. Ofisa wa stima aliona wateja, wadeni na washindani, kwa kuwa hao ndio waliokuwa kwenye orodha yake ya mizigo.

Mahujaji walioachwa

Julai 1880 meli iitwayo Jeddah iliondoka Singapore, ikapitia Penang, ikielekea Jeddah na mahujaji zaidi ya 900. Bahari ilichafuka, maji yakawa yanaingia kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa. Tarehe 8 Agosti, si mbali na Ras Guardafui, pembe ya Somalia, nahodha Joseph Lucas Clark na maofisa wake Wazungu wakashuka kwenye mashua, wakawaacha abiria. Waliokotwa na meli nyingine, wakafikishwa Aden, wakaripoti kwamba Jeddah imezama na watu wake. Haukupita muda, meli iitwayo Antenor ikaingia Aden ikiikokota Jeddah, mahujaji wakiwa hai. Uchunguzi ukafanyika palepale Aden, na cheti cha nahodha kikasimamishwa kwa miaka mitatu. Ofisa wake wa kwanza, Augustine Podmore Williams, akaenda kuishi Singapore, mji ambao kila baharia aliyepita aliijua aibu yake.

Conrad alipitia Singapore mwaka 1883, baada ya chombo alichokuwemo, Palestine, kuungua na shehena yake ya makaa karibu na Sumatra. Kisa cha Jeddah kilikuwa bado kinazungumzwa vijiweni. Lord Jim, iliyotoka 1900, imetoka humo: meli inaitwa Patna, mahujaji ni 800, na kijana Jim ndiye anayeruka.

Kwa nini jambo hili lilimuuma hivyo? Mabaharia wa Kiingereza walikuwa na kanuni moja isiyo na mjadala, kwamba ofisa hatangulii kutoka. Na dai zima la Mzungu kwamba anastahili kuwatawala wengine lilisimama juu ya kanuni za namna hiyo: sisi tuna nidhamu, wao hawana. Jim anapoangukia kwenye mashua usiku ule, dai hilo linaanguka naye. Riwaya inabaki kumzunguka Jim mamia ya kurasa, ikijaribu kumtafutia udhuru, na haiupati.

Sehemu ninayoirudia kila mara ni ya mahakamani. Wamalay wawili walikuwa wameshika usukani usiku ule. Wazungu walipokimbia, wao walibaki pale pale. Wanaitwa kutoa ushahidi. Wa kwanza anaulizwa alifikiri nini, anajibu hakufikiri kitu. Wa pili, mzee, anasema haikumjia akilini kwamba wazungu wanaondoka kwa kuogopa kufa. Hata sasa haamini. Lazima ilikuwepo sababu ya siri. Kisha, kwa fahari, anaanza kuyamwaga majina ya manahodha waliokwishakufa na vyombo vilivyosahaulika ambavyo aliwahi kuvitumikia, hadi anyamazishwe.

Mtu aliyewahi kusimama zamu usiku ndiye anayeweza kumwandika mzee yule. Ndiye mtumishi wa bahari wa kweli ndani ya kitabu kizima, na msomaji analiona hilo bila kuambiwa. Lakini jina lake hatupewi. Na wale mahujaji 800, waliouza mali zao kwenda Makka, wamelala sitahani kama shehena. Hakuna hata mmoja anayeulizwa usiku ule ulikuwaje kwake. Huo ndio mpaka wa jicho la sitahani. Anayeshika usukani huonekana. Aliyekata tikiti haonekani.

Miaka miwili baadaye Conrad alilisogeza jambo hilo mbele katika The End of the Tether. Nahodha Whalley, mzee wa Kiingereza mwenye heshima zake, amepofuka na anaficha. Stima yake, ambayo kwa namna ya ajabu imepewa jina la bandari ya Sofala, inaongozwa kwa macho ya serahangi wake wa Kimalay. Mkubwa anasimama juu anatoa amri. Anayejua mahali chombo kilipo ni mtu wa chini yake. Hajawahi kuandika picha ya utawala wa kikoloni iliyo kali kuliko hiyo, na sidhani kama alikusudia yote ninayoyaona humo.

Kongo: kwa miguu na kwa stima

Utotoni, mwenyewe anasimulia, aliweka kidole katikati ya ramani ya Afrika, palipokuwa peupe wakati ule, akasema atakwenda huko. Mwaka 1890 alipata kazi na kampuni ya Kibelgiji ya biashara ya Kongo ya Juu, mkataba wa miaka mitatu, kuchukua nafasi ya nahodha wa Kidenmark, Johannes Freiesleben, aliyekuwa ameuawa katika ugomvi na wanakijiji. Aliondoka Bordeaux mwezi Mei, akafika Matadi tarehe 13 Juni.

Nchi hiyo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu 1885. Balaa la kuwalazimisha watu kugema mpira lilikuwa bado halijafikia kilele chake. Mali iliyokuwa ikisakwa ilikuwa pembe za ndovu. Tatizo la mto Kongo ni maporomoko kati ya Matadi na Stanley Pool, pale mto unapopanuka karibu na Kinshasa, ambayo hakuna chombo kinachoyapita. Reli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa, ikakamilika 1898. Kabla ya hapo kila kitu kilipita kichwani mwa mtu, mzigo wa kama kilo 30 kwa mpagazi. Hata stima za Kongo ya Juu zilipelekwa vipande vipande namna hiyo, zikaungwa upande wa pili. Chombo ambacho Conrad angekiendesha kilikuwa kimeshatembea nchi kavu juu ya shingo za watu.

Yeye naye alitembea, kuanzia 28 Juni hadi 2 Agosti, kiasi cha kilomita 370, akaandika shajara. Ni maandishi mafupi, ya mtu aliyechoka na kusumbuliwa na mbu. Anataja majina ya vijiji, masoko, mito ya kuvuka, ugomvi na wapagazi waliokuwa wakimbeba Mbelgiji mnene aliyeugua. Tarehe 3 Julai ameona maiti ya Mkongo kambini, anajiuliza kama alipigwa risasi, anataja harufu. Kesho yake maiti nyingine kando ya njia. Tarehe 29 amepita mifupa ya mtu iliyofungwa kwenye nguzo. Karibu na mwisho analetewa kijana wa kama miaka 13 mwenye jeraha la risasi kichwani. Conrad anaeleza ilipoingilia, juu ya nyusi ya kulia, na ilipotokea, kisha anasema alimpa gliserini kidogo ya kupaka.

Tarehe 3 Agosti akapanda stima ya Roi des Belges pale Kinshasa, ili ajifunze mto chini ya nahodha Ludvig Koch. Akafungua daftari la pili. Ukilisoma baada ya lile la kwanza utadhani limeandikwa na mtu mwingine. Humo mna visiwa, mafungu ya mchanga, visiki, pande za dira, mahali pa kukatia kuni. Watu wametoweka. Si kwamba roho yake iliharibika kwa siku moja, kazi ilibadilika. Aliyekuwa akitembea alikanyaga karibu na maiti. Aliyesimama kwenye usukani alilazimika kuyasoma maji, na anayeyasoma maji hatazami kingo ila kwa jicho la pembeni.

Heart of Darkness, iliyotoka gazetini 1899 na kitabuni 1902, imefumwa kwa madaftari yote mawili. Nusu ya kwanza, yenye wafanyakazi waliofungwa minyororo na wanaokufa kivulini pale kituo cha chini, ina uzito wa mtu aliyeona kwa miguu. Marlow, baharia anayeisimulia hadithi, anapopanda stima, Afrika inakuwa ukuta wa miti, ngoma za mbali, mikono na macho yanayometameta majanini. Wasomaji wanaolalamika kwamba Waafrika wa kitabu kile ni vivuli wako sahihi, na daftari la pili linaonyesha vivuli hivyo vilitokea wapi.

Lakini ndani ya stima yenyewe jicho linafunguka tena. Ofisa wa meli ndiye anayesimamia posho na chakula cha mabaharia, kwa hiyo Marlow anatuambia jambo ambalo hakuna mgeni mwingine angelishughulikia: wale mabaharia Waafrika walilipwa kila wiki vipande vitatu vya waya wa shaba, kila kimoja urefu wa inchi tisa, wanunulie chakula vijijini. Mshahara ulilipwa kwa utaratibu uliostahili kampuni kubwa yenye heshima zake. Ila vijiji vilikuwa vimehamwa, au vina uadui, au mkurugenzi hakutaka stima isimame. Waya hauliwi. Wao walikuwa 30, Wazungu watano, na njaa ikiwauma. Marlow anashangaa kwa nini hawakuwageukia. Katika kejeli hiyo ndogo ya mishahara mna ukoloni wa kampuni mzima: vitabu vya hesabu ni safi, watu wana njaa.

Halafu yupo mshika usukani, Mwafrika anayeuawa kwa mkuki. Marlow anakiri kwamba anamkumbuka mno, kwa kuwa alikuwa amefanya kitu, alikuwa ameongoza chombo. Hapo hapo anamwita chombo cha kufanyia kazi. Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa mwaka 1975 huko Massachusetts, alimshika Conrad papo hapo: Afrika imegeuzwa pazia la jukwaa, na Mwafrika akiruhusiwa kuukaribia undugu, mwenye hadithi anarudi nyuma kwa woga. Achebe alimwita mbaguzi wa rangi bila kupepesa macho. Siwezi kumpinga kwa maneno yaliyomo kitabuni, yamejaa. Ningeongeza tu kwamba undugu wa Conrad ulikuwa na kipimo kimoja, yaani kazi ya chombo, na yeyote asiyekuwa zamu hakuwa na mlango wa kuingilia.

Kambi ya Rashid

Roi des Belges ilifika Stanley Falls, Kisangani ya leo, tarehe 1 Septemba 1890. Ilikuwa imekwenda kumchukua wakala mgonjwa, Georges-Antoine Klein, aliyefia njiani wakati wa kurudi na ambaye jina lake limeonekana kwenye mswada wa Heart of Darkness kabla halijafutwa na kuandikwa Kurtz, yule wakala wa pembe za ndovu ambaye Marlow anapanda mto kumfuata. Koch aliugua, Conrad akashika unahodha kwa siku kadhaa. Naye akaugua. Mwisho wa mwaka alikuwa ameshaondoka Kongo, mkataba umevunjika.

Sasa, Stanley Falls ya 1890 haikuwa mwisho wa dunia. Tangu 1887 liwali wake, kwa uteuzi wa Leopold mwenyewe, alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip wa Zanzibar. Alikuwa ameondoka kurudi pwani miezi michache kabla Conrad hajafika, akamwachia mpwa wake Rashid. Misafara ilikuwa ikienda na kurudi mpaka Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Kiswahili kilikuwa kinasikika mjini pale, kama kinavyosikika hadi leo.

Conrad alilijua hilo. Katika insha aliyoandika mwishoni mwa maisha yake kuhusu jiografia na wavumbuzi, anakumbuka usiku mmoja pale, mngurumo wa maporomoko, na kambi ya Rashid juu kidogo ya maporomoko, ambamo nguvu za Waarabu wa Kongo, bado hazijavunjwa, zilikuwa zimelala bila utulivu. Katika ukurasa huo huo anauita uporaji wa Kongo kinyang'anyiro kichafu kuliko vyote vilivyowahi kuichafua dhamira ya binadamu. Lakini katika riwaya, kituo cha ndani cha Kurtz hakina Rashid, hakina msikiti, hakina soko. Wazanzibari wanatokea mara moja tu, zamani kule njiani: Mzungu mlevi aliyefungua vifungo vya sare, na askari wake wembamba wa Kizanzibari, anayedai kwamba anatunza barabara. Maili tatu mbele Marlow anajikwaa kwenye maiti ya mtu mzima mwenye tundu la risasi kwenye paji la uso. Pengine, anasema, huo ndio utunzaji wenyewe.

Kuwafuta kule kulimletea faida. Leopold alikuwa akiiambia Ulaya kwamba yuko Kongo kupambana na Waarabu wauza watumwa, na mkutano wa Brussels wa kupinga biashara ya utumwa ulifanyika 1889 na 1890. Riwaya inamnyang'anya kisingizio hicho: ndani kabisa ya bara hakuna Mwarabu wa kusingizia, yupo Mzungu na pembe zake. Hasara yake ni kwamba mji wenye lugha, madeni, ndoa na siasa umegeuzwa pori.

Mwaka 1902 na 1903, wakati Heart of Darkness inatoka kitabuni, ikachapwa pia habari ya maisha ya Tippu Tip, aliyoieleza kwa Kiswahili na kukabidhiwa Mjerumani Heinrich Brode. Humo eneo lile lile lina majina ya machifu, frasila za pembe, fedha za Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, na vita vinavyosimuliwa bila haya. Mzee huyo hakuwa malaika. Alivamia, aliteka, aliuza watu. Lakini katika kurasa zake hakuna giza lolote. Kuna njia, na kila njia ina mwenyewe.

Waandishi wa upande wetu hawakumtupa Conrad. Ngũgĩ wa Thiong'o alimsoma kwa kina alipokuwa Makerere, na A Grain of Wheat ya 1967 ina namna ya Conrad ya kuzikata nyakati na kugawa hadithi kwa wasimulizi wengi. Namna hiyo Conrad naye aliichukua sitahani, ambako kisa hufika kwa mtu wa tatu au wa nne, kila mmoja na kipande chake. Abdulrazak Gurnah katika Paradise ya 1994 anaianza safari ya bara kutoka pwani yetu, kwa msafara, na msomaji anajua kila mpagazi anamdai nani.

Jambo moja sitahani haikumwonyesha Conrad hata kidogo: tajiri wake mwenyewe, yaani Uingereza. Katika ofisi ya kampuni, Marlow anaitazama ramani na kufurahia ile rangi nyekundu ya Uingereza, kwa sababu huko, anasema, kuna kazi ya kweli inayofanyika. Conrad hakuwahi kuifuta sentensi hiyo. Mwaka 1903 Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza waliyefahamiana Matadi mwaka 1890, alipokuwa akikusanya ushahidi dhidi ya Leopold, Conrad alimwandikia barua kali ya kumuunga mkono, akishangaa Ulaya iliyokomesha biashara ya utumwa inavyoivumilia Kongo. Mwaka 1916 Waingereza walipomhukumu Casement kifo kwa ajili ya uhuru wa Ireland, Conrad alikataa kutia saini ombi la kumsamehe.

Anayetaka kumsoma nisingemshauri aanze na Heart of Darkness, ambayo imezungukwa na kelele nyingi mno. Aanze na An Outpost of Progress ya 1897, hadithi fupi ya Kongo hiyo hiyo. Wazungu wawili wajinga wameachwa kituoni na stima ya kampuni, na anayeendesha kila kitu ni karani kutoka Sierra Leone, Makola, mwenye mwandiko mzuri, Kifaransa, Kiingereza na daftari la hesabu. Anawauza wafanyakazi kwa pembe za ndovu na mabosi wake wanapokea. Mwishowe, kwa ugomvi wa sukari, mmoja anamuua mwenzake, kisha naye anajinyonga. Akimaliza hapo, ashike kitabu cha Tippu Tip, na vya Gurnah, halafu ndipo apande mto na Marlow.